Asali Iliyowekwa Mkekani

Kijiji cha Ipole,
Sikonge, Tabora.
Jumapili, 6 Oktoba 2024.

Mpendwa shangazi Recheli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na yale magoti yaliyokusumbua tangu mwezi wa saba yameachia kidogo. Je, ile dawa ya kuchua imekusaidia? Na joto la Mtwara bado linakunyima usingizi? Huku sisi tu wazima, isipokuwa mdogo wangu Festo, na habari yake ndiyo iliyonikalisha chini. Mvua bado, vumbi tele, na kisima cha kanisani kimeanza kutoa maji ya tope.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Shangazi, nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili aliyepokea ni kaka yangu Gerson. Anasema "haloo" kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Nikakata. Sauti yake kwa sasa inanitia kichefuchefu, nakwambia kweli. Ndiyo maana barua hii nampa Zamda, jirani yako wa zamani pale Tabora mjini, anayekuja huko kwenye msimu wa korosho. Nimemwagiza aitie mkononi mwako. Tafadhali isome peke yako, Gerson asiione.

Ujumbe wako niliupata kupitia kwa Marcelina, mke wake. Unasema tumsamehe Gerson kwa sababu moto ni ajali, na hata Yusufu aliwasamehe kaka zake waliomtumbukiza shimoni kisha wakamwuza. Shangazi, wewe ndiwe uliyenifundisha hadithi hizo shule ya Jumapili, kwa hiyo nisamehe nikikujibu. Wale kaka walisimama mbele ya Yusufu wakitetemeka, na walikwisha kukiri wenyewe kwa wenyewe kwamba walimkosea. Gerson amesimama wapi? Amekaa barazani kwako anakula pweza, anasema ajali.

Basi acha nikueleze hiyo ajali.

Kambi ya baba ya kurinia asali unaikumbuka, kule kwenye njia ya zamani ya wapagazi, ng'ambo ya mto. Gerson na Festo wanatundika mizinga yao ya nyuki kwenye miti ileile ya baba. Alama ya baba ni mikato miwili iliyolala. Gerson anaongeza mkato mmoja uliosimama, Festo anaongeza duara. Huku kwetu hata asiyejua kusoma anajua mzinga huu ni wa nani. Mwezi wa nane, wiki mbili baada ya ibada ya mavuno, mizinga kumi na mmoja ya Festo iliteketea.

Moto wa porini unapita chini, unakula nyasi. Haupandi mti ukasoma alama. Kwenye ule mti mkubwa wa mtundu ulio karibu na kambi palikuwa na mizinga mitatu, miwili ya Festo na mmoja wa Gerson. Ile miwili ni majivu. Wa Gerson haukupata hata masizi, na siku nilipokwenda kuangalia nyuki wake walikuwa wanaingia na kutoka kama kawaida.

Festo aliona moshi akakimbia. Alikuta mzinga wa mwisho bado unawaka, akapanda kuukata kamba ili auokoe, ukamwangukia mkononi na asali yake inachemka. Asali ya moto haidondoki, inang'ang'ania ngozi. Mkono wa kushoto umeungua kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Mimi ndiye ninayeuosha kila asubuhi, na harufu yake naibeba puani mpaka kanisani.

Mzee Kasimiri, kiongozi wa kambi, alimwita Gerson akamwuliza mizinga ya ndugu yake imepatwa na nini. Unajua alijibu nini? "Kwani mimi ndiye mlinzi wa mizinga ya Festo?" Macho makavu, anachokonoa meno kwa kijiti. Nilikuwa nimesimama palepale. Swali hilo ulinisomea wewe nikiwa na miaka saba, na aliyeliuliza mara ya kwanza alikuwa ametoka kumwua mdogo wake kondeni. Kesho yake Gerson akapanda basi kuja kwako, akamwacha Marcelina na watoto watatu na debe moja la mahindi. Wanakula kwangu. Mtu mzima hovyo.

Na kisa chenyewe, shangazi, ni sadaka. Uleule upuuzi wa Kaini, sadaka.

Desturi ya ushirika wetu haijabadilika tangu ulipoondoka. Kila mrina asali analeta ndoo ya kwanza ya msimu, kamati inaonja moja moja mbele ya watu, na iliyo bora inawekwa juu ya meza ya Bwana, mchungaji anaiinua na kuiombea. Nyingine zinapangwa chini, mkekani, pamoja na maboga na karanga. Mwaka huu asali ya Festo iliwekwa mezani. Ya Gerson iliwekwa mkekani. Ilikuwa imeingia moshi, na ilikuwa na majana, wale watoto weupe wa nyuki, kwa sababu alirina kwa haraka na mwenge mkubwa kupita kiasi, akili yake yote iko kwenye kilimo cha tumbaku. Kosa lake mwenyewe. Akatoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho. Wiki mbili hakumsalimia Festo, kisha akabeba mwenge akaenda porini.

Kinachonichefua kuliko vyote ni kwamba hakuiba hata sega moja. Mwizi ningemwelewa, mwizi ana njaa. Huyu mizinga yake ilikuwa imejaa, na bado alichoma asali ili tu isije ikaliwa na mdogo wake. Watoto wa mama mmoja, walionyonya ziwa moja, wakalala mkeka mmoja. Kijicho cha namna hiyo kinanuka.

Jumatatu.

Jana niliweka kalamu hapo, nikasema leo nimalizie kwa salamu tu. Lakini asubuhi limetokea jambo, na siwezi kulificha.

Mwezi uliopita wazee wa kambi walikaa wakaishusha mizinga yote ya Gerson. Sheria ya kambi unaijua: asiye na mzinga wenye alama yake juu ya mti hana pa kulala kambini, na mvua ya kwanza ikimkuta hivyo, miti yake anapewa mwingine. Mimi nilikubaliana nao moja kwa moja. Nilisema afadhali, jina lake lifutike kule.

Sasa leo nilikwenda kumwosha Festo mkono, nikamkuta uani kwake amebana gome jipya kwa magoti, anashona mzinga kwa mkono mmoja, ncha ya kamba kaing'ata kwa meno. Nilifurahi. Nikajua ameanza kurudishia vilivyoungua, nikakaa chini nikamshikia gome. Alipomaliza akachukua kisu akakata alama, mikato miwili ya baba. Nikangoja duara. Akakata mkato mmoja uliosimama.

Nikamwuliza kama ana akili timamu. Akasema, "Dada, mvua zinakaribia. Wakimpa mtu mwingine miti, akirudi atalala wapi?"

Nikamwambia aliyekuchoma hakujiuliza wewe utalala wapi. Akasema anajua. Akasema mkono unamuuma, na akimwona Gerson leo huenda akamrukia shingoni, kwa hiyo nisimfanye mtakatifu. Ila miti ni ya baba, na Gerson ni wa baba. Shangazi, nilikasirika nikamchukia hata Festo. Nililimwaga lile beseni la maji ya chumvi nikaondoka bila kumwosha. Nilifika karibu na kanisa ndipo nikageuka, maana kidonda hakijanikosea.

Nikachemsha maji mengine. Nilipokuwa namfunga kitambaa, akaniuliza taratibu, bila kunitazama, "Dada, siku ile ya mavuno, ilikuwa lazima uteme?"

Hapo juu nimekuandikia kwamba asali ya Gerson "iliwekwa mkekani", kana kwamba ilitembea yenyewe. Mwonjaji wa kamati mwaka huu nilikuwa mimi. Nilitia kijiko kwenye ndoo ya Gerson, nikaonja, nikatema kiganjani mbele ya ushirika mzima. Nikajifuta mdomo kwa kanga, nikasema hii ni ya kupaka viatu. Watu walicheka sana. Marcelina aliinamisha kichwa, na mtoto wao mkubwa akamtazama baba yake. Moshi ulikuwemo, sisemi haukuwemo. Lakini ningeweza kumeza. Nimeshameza mabaya zaidi ya yale, chakula cha misibani, dawa za miti shamba, na sikutema.

Nitakueleza kwa nini nilitema, na wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa. Baba alipougua nilimwogesha miezi minane. Nilimgeuza, nilimlisha, nilimfulia. Siku ya mwisho alifumbua macho, nikainama nikidhani ananiaga, akaniuliza, "Gerson amefika?" Gerson alikuwa Bukene kwenye biashara zake za mpunga, hakuja mpaka siku ya maziko. Miaka sita nimelibeba jina lile kooni. Siku ya mavuno nilipoona ndoo yake iko mbele yangu na kijiko kiko mkononi mwangu, nilijua nitatema hata kabla sijaonja.

Mungu aliikataa sadaka ya Kaini, lakini hakumcheka. Alimwendea akamsemesha, akamwuliza mbona uso umekunjamana, akamwonya kwamba dhambi inamngoja mlangoni. Mimi nilimwona Gerson akitoka, mlango uko hatua kumi kutoka nilipokuwa, nami ni dada yake. Niliendelea na ndoo inayofuata.

Simsafishi. Moto ni wake, mkono wa Festo uko juu yake, na uongo anaokuambia ni wake. Bado nikimfikiria mate yananijaa mdomoni. Tofauti ni kwamba tangu asubuhi nikijifikiria mimi mwenyewe yananijaa vilevile.

Mchana huu Festo ameutundika ule mzinga kwenye mtundu mkubwa, mimi nimeshika ngazi. Mzee Kasimiri alikuja akatazama alama muda mrefu. Nikadhani ataamuru ushushwe. Alisema tu kwamba fundo la kamba limelegea, akapanda mwenyewe, na umri wake ule, akalikaza.

Kwa hiyo Gerson ana mahali. Arudi kabla ya mvua. Asije na ajali yake. Asimame kambini mbele ya Mzee Kasimiri aseme kwa mdomo wake alichofanya. Kisha aje kwangu achukue beseni na kitambaa, aoshe ule mkono yeye mwenyewe, kila asubuhi, mpaka upone. Sitamkenulia meno, asitegemee. Nitampa beseni. Na mwakani siku ya mavuno, asali ya mzinga ule ikiletwa, nitaomba kamati inipe kijiko tena. Nitaonja mbele ya watu walewale. Iwe na moshi, iwe na majana, nitameza.

Marcelina anakusalimu, na watoto wake wote watatu. Yule mdogo ameota meno mawili. Mzee Kasimiri anauliza kama bado unaimba sauti ya pili. Festo anakusalimu kwa mkono wa kulia, ndivyo alivyosema niandike. Nisalimie mjomba Raymundi na mjukuu wako Advera, mwambie nimesikia amefaulu na nimemwekea kitenge. Mungu wa baba zetu akulinde wewe na nyumba yako, na hayo magoti akayape nguvu ya safari, maana nataka ije siku uonje asali hiyo pamoja nami.

Mwanzoni nimekuandikia kwamba Gerson asiione barua hii. Nilitaka kuufuta mstari ule, nimeuacha aujue. Ukimaliza kusoma, mpe. Asome yote, hata pale nilipomwita mtu mzima hovyo, mpaka afike pale nilipotema.

Wako akupendaye, hata leo,

Agnetha