Udongo wa Kalimoni

Ruiru, Jumatatu, 3 Machi 2025

Senge yangu, shangazi mpendwa,

Nakuomba kwa jina la Mungu, barua hii usimsomee mtu, hata Mama Byron wa mlango wa pili. Ukimaliza, ichome kwa jiko. Hujambo lakini? Maxine wako mdogo na kile kikohozi anaendeleaje? Mimi ni mzima, ila nina furaha na woga kwa pamoja.

Sikupigi simu kwa sababu wewe huongea ikiwa kwenye spika na wapangaji wote wa ploti yenu hapo Makongeni wanasikia. Kui anayeuza mitumba Thika ndiye atakayekuletea, na jibu mpe yeye.

Senge, majibu ya udongo yametoka! Unakumbuka kituo chetu cha chuo kikuu, hiki kinachosaidia watu kusafisha ardhi ya viwanda vya zamani ili itumike tena, kilivyowaomba ninyi mnaolima nyuma ya kile kiwanda cha ngozi kilichofungwa mlete udongo, kila mtu wa kipande chake. Mimi ndiye karani niliyepiga chapa majibu. Vipande vingi vina zile kemikali za kulainishia ngozi. Lakini chako! Ni kisafi kuliko vyote! Jumamosi mkubwa wetu, Dkt. Warigia, atawatangazia kwamba shule ya chekechea itajengwa hapo. Maxine atavuka njia tu aingie darasani!

Ikijulikana nimesema kabla yake, nafutwa siku hiyo hiyo. Tafadhali.

Mtoto wako,
Jentrix


Makongeni, 5 Machi 2025

Kwako Jentrix, mtoto wa kaka yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, Maxine mzima, kikohozi kimebaki kidogo tu. Na wewe, unakula ama ni chai na woga tu?

Wooi! Nimepiga kigelegele na leso mdomoni. Mama Byron akauliza, "Nekesa, kwani umeshinda loto?" Nikamwambia nimeumwa na siafu.

Mimi nilijua udongo wangu utawashinda wote, maana niliufuata mbali. Hebu fikiria, watu wa chuo kikuu wanakuomba udongo, utawapa ule wetu? Ule wa kijivu, wenye nywele za ng'ombe, ambao mvua ikinyesha unanuka kama soksi za Byron? Hata kanisani siku ya mavuno nani hupeleka mahindi yaliyooza? Nilienda Kalimoni kwa rafiki yangu Kagwe, akanichotea ule mweusi wa kando ya zizi. Nikauchekecha kwa chungio la unga, ukatoka kama poda.

Jumamosi navaa lile rinda la kijani.

Ni mimi,
Senge yako


Ruiru, 6 Machi 2025, asubuhi

Senge,

Habari za huko? Mimi sijalala.

Kituo hakikutaka udongo mzuri. Kilitaka ule mnaokanyaga, hata kama unanuka. Sasa watajenga darasa juu ya zile nywele za ng'ombe, na Maxine atakaa hapo chini akichezea mchanga. Nikimwambia Dkt. Warigia, ataniuliza nimejuaje, na hapo nimejimaliza. Nisiposema, je?

Sukuma wiki ya hapo shambani usipike tena, nakusihi.

Jentrix wako


Makongeni, 6 Machi, jioni

Jentrix,

Hatujambo. Sukuma nimeng'oa yote, hata kuku sijawapa.

Sema. Wakikufukuza, kitanda chako kiko hapa. Waambie ni mimi.

Senge


Ruiru, Ijumaa, 7 Machi 2025

Senge yangu,

Hamjambo? Mimi sijambo, na sijafutwa!

Niligonga mlango wa Dkt. Warigia nikasahau hata kusalimia. Nilipomaliza kumweleza yote, alivua miwani. "Na huyo senge yako alijuaje majibu?"

"Nilimwandikia, Daktari."

Akairudisha miwani usoni. Kisha akauliza, "Kwa chungio la unga?"

"Ndiyo, Daktari."

Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha ghafla, akasema kosa ni lao pia: waliwaambia mlete, hawakuja kuona mkichimba. Kesho hatatangaza chochote. Vipande vyote vitachimbwa upya, kila mtu akiona. Chako kikipatikana ni kichafu, darasa litahamia upande ulio salama, na hapo pako patafunikwa kwa zege viwekwe vibanda vya soko. Shule itajengwa, Senge! Ila si juu ya sumu.

Na mimi ameniondoa kwenye kompyuta. Majibu sitayaona tena. Kuanzia Jumatatu niko huko huko Thika, nawashikia watu mifuko wakichimba, jua na mvua. Eti hiyo ndiyo adhabu yangu! Nitakunywa chai kwako kila siku!

Kwa hiyo Kui usimpe barua tena, na Ruiru usinitafute. Pitia lango la nyuma la kiwanda, lile lililovunjika bawaba. Utaona hema la buluu. Ukiulizwa, sema unamtaka Jentrix wa mifuko. Jumatatu njoo mapema, uje na jembe na viatu vya gambuti. Udongo usibebe.

Mtoto wako,
Jentrix