Waliolala Barabarani

Yaya Furaha, mkubwa wangu,

Salamu toka Kisangani. Najua huko Butembo munanihofia, lakini niko muzima. Nakula pondu ya majani ya muhogo na samaki wa mto, hao hao niliotumwa huku kuwapima maabarani.

Unajua picha zangu za barabarani nazifanya kama kazi ya maabara: pahali pamoja, saa ileile, filamu nyeusi na nyeupe. Natia kioo cheusi mbele ya lensi na kuiacha kamera wazi kwa muda mrefu. Anayetembea haachi alama. Anabaki aliyetulia tu. Kwa hiyo barabara iliyojaa watu inatoka tupu.

Jana asubuhi nimefungua kamera tu, tairi ya lori la kwenda Bafwasende ikapasuka. Tangu mabomu ya vita, watu wa hapa wakisikia mlipuko hawaulizi. Soko zima la barabarani lililala, uso kwenye vumbi. Mimi peke yangu nilisimama, jua mgongoni. Mama muuza ndizi akaniambia bila kuinua kichwa: "Papa, lala. Weye iko mugeni, utakufa wa kwanza."

Muda wa picha ulipotimia, nikafunga kamera. Dereva akapaza sauti kwamba ni tairi tu. Wakainuka, wakajipanguza, wakaendelea kubishana bei.

Leo nimeisafisha picha. Hakuna anayetembea. Wote wamelala, wazi kabisa, na juu yao kivuli kirefu cha mutu mumoja aliyesimama. Ni changu.

Nimeichapa upande wa pili wa kadi hii. Nibusie watoto. Na kabla Mama hajaigeuza, umwambie kwanza: wote waliinuka.

Mdogo wako,
Bahati