Safu ya Nne ya Shija Ramji

Bariadi, 6 Mei 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na mama naye hajambo. Mimi sijambo, ila nimechoka kula mgahawani.

Najua simu haifai tena masikioni mwako, na ujumbe wa simu wewe ulisema ni sisimizi wanaotembea. Kwa hiyo nitaandika kwa herufi kubwa na kumpa Constantine, kondakta wa basi la Maswa. Anasema anakujua.

Baba, nimepata kazi. Ni mkataba wa miezi mitatu ya majaribio, hadi mwisho wa Julai, katika mradi wa kuhifadhi muziki wa mkoa. Napokea kanda, najaza fomu moja kwa kila mwimbaji, kisha naingiza kwenye kompyuta. Mkuu wangu ni Bwana Januarius. Hagombi. Anavua miwani tu, na akivua miwani mimi nasahau hata jina langu. Nikifanya vizuri mkataba utaongezwa.

Tarehe 13 Julai kutakuwa na maonyesho uwanjani hapa Bariadi, na nyimbo zilizohifadhiwa zitapigwa mbele ya watu. Nimekumbuka kanda za marehemu Shija Ramji, uliyempigia ngoma. Je, bado unazo? Ukinipa, nitazitunza kama macho yangu.

Binti yako,
Felisita


Shishiyu, 14 Mei 2024

Mayu, ng'wana wane,

Mwadila. Barua nimeipata na nimeisoma mara tatu. Goti lipo, na mama yako anasema ule mayai. Sisi tumeshapukuchua mahindi, pamba inafunguka vizuri.

Kanda ninazo, tano. Nimezifunga kwenye khanga ya mama yako, Constantine atakukabidhi mkononi. Hakuna nyingine duniani. Mimi mwenyewe sina faida nazo tena. Miaka arobaini ya kukaa na ngoma kubwa imekula masikio yangu yote mawili, na sasa hata jogoo namwona akifungua mdomo tu.

Wewe ulizaliwa mbina, ngoma zetu za mashindano, zimeshapungua, kwa hiyo nikueleze. Baada ya mavuno vikundi viwili, Bagika na Bagalu, vilikuwa vinasimama pande mbili za uwanja na kuimba kwa wakati mmoja. Hakukuwa na jaji. Watu walikuwa wanahama. Aliyewavuta kwake ndiye aliyeshinda.

Mwaka Shija aliposimama mara ya kwanza kutuongoza sisi Bagika alikuwa na miaka kumi na tisa, mweupe, nywele zimelala. Baba yake alikuwa fundi Mhindi wa jineri ya pamba, akaondoka mtoto hajaota meno. Ningi wa Bagalu, yaani kiongozi wao wa nyimbo, alikuwa Mayige. Akapaza sauti: "Wee Ramji! Duka umemwachia nani? Kwanza tuambie, wewe ni wa nani?" Uwanja mzima ukacheka. Mimi mwenyewe nilicheka, na nilikuwa mpiga ngoma wake.

Shija akasubiri kicheko kiishe. Akasema, "Wimbo ukiisha nitakujibu." Ndipo akaimba ule wa jembe:

Malengelenge ya mpini
hayakuniuliza baba yangu nani.
Yalitoka kwangu kama yalivyotoka kwako,
tukayapasua kwa mwiba mmoja.

Watu walihama, mayu. Walihama mpaka Mayige akabaki na wake zake wawili, na mmoja alikuwa anaangalia kwetu.

Mjane wake, shemeji Monika, ni mgonjwa wa kifua. Hajasikia sauti ya mumewe tangu tulipomzika, maana redio yangu ya kanda ilikufa mapema. Nimemwambia kwamba tarehe 13 Julai Shija ataimba uwanjani. Amefurahi akashindwa kunywa uji.

Wabeja sana kwa kutukumbuka.

Baba yako,
Mwandu


Bariadi, 10 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani, habari za goti, habari za pamba? Mimi afya ninayo, namshukuru Mungu. Samahani kwa kuchelewa. Nimeandika barua hii mara nne na nimeichana mara tatu.

Kanda zilifika salama zote tano. Nilizijazia fomu siku hiyo hiyo. Utaratibu wetu ni kwamba fomu hujazwa kwanza, kanda husikilizwa baadaye.

Fomu ina safu. Ya kwanza ni jina, ya pili wilaya, ya tatu mwaka wa kurekodi. Ya nne ni "asili ya mwimbaji, upande wa baba", na unachagua moja: Mwafrika, Mwasia, Mwarabu, Mzungu. Niliangalia jina Ramji. Nilikumbuka ulichoandika kuhusu fundi wa jineri. Sikutaka kuandika uongo kwenye karatasi ya ofisi, nikachagua Mwasia.

Sikujua, baba, kwamba kompyuta haiangalii kitu kingine. Safu ya nne ikishajazwa, yenyewe ndiyo inapanga aina ya muziki. Shija amewekwa kwenye Muziki wa Kiasia, pamoja na nyimbo za harusi za familia mbili za wenye maduka. Na uwanjani zitapigwa za Muziki wa Kiafrika peke yake.

Juzi ndipo nikavaa spika za masikioni na kusikiliza. Nilisikia jembe. Nilikusikia wewe, baba, mkono wako wa kushoto ukichelewa kidogo kama unavyochelewa ukigonga meza. Sina Kisukuma kingi kama chako lakini nililia. Kisha nikafungua Muziki wa Kiafrika, wimbo wa kwanza kabisa ni wa kwaya moja ya Kalemela. Wanaimba vizuri sana. Tuni ni ya Wajerumani, kinanda ni cha Wajapani, lakini waimbaji ni weusi, basi wamepita.

Nilimweleza Bwana Januarius. Akavua miwani. Akasema, "Felisita, wageni wamechukua mengi katika nchi hii. Tusipoandika wimbo ni wa watu gani, kesho atatokea mtu mbali huko na kusema ni wake. Safu hiyo ni uzio." Si maneno ya kijinga, baba. Nimeyafikiria na bado nayafikiria. Orodha imeshatumwa makao makuu ikiwa na sahihi yangu.

Tafadhali usimwambie shemeji yako Monika kwanza.

Binti yako,
Felisita


Shishiyu, 18 Juni 2024

Felisita,

Sisi wazima.

Umesoma miaka kumi na sita na hukuniuliza. Ungeuliza kwa mstari mmoja. Constantine anapita kila siku.

Ramji si jina la baba yake. Ni jina la mbina. Mayige alimtupia kama tusi, naye akaliokota na kulivaa, maana ningi mzuri haachi kitu chini. Kwa mama yake aliitwa Shija Ngassa.

Na hata kwa hiyo sheria yenu ya upande wa baba mmekosea. Yule fundi hakutoa ng'ombe wa mahari hata mmoja. Ng'ombe wasipotolewa, mtoto ni wa nani? Hilo hata mchungaji wa mbuzi hapa analijua. Ni wa baba wa mama yake. Mzee Ngassa ndiye aliyekuwa baba yake, akamrithisha ng'ombe sita na shamba la bondeni.

Mwambie mkuu wako uzio ni kitu kizuri. Sisi wafugaji tunaujua. Lakini huu wake umemfungia nje mwenye zizi.

Halafu nisikilize. Hata kama ng'ombe wangetolewa mia, Shija akawa Mhindi kamili, wimbo ule ungekuwa ule ule. Ulitokana na kulima. Yeye hakumkana yule fundi hata siku moja, na hakumtafuta. Aliimba.

Monika ameshona kitenge cha kuvaa siku hiyo. Mwambie wewe.

Mwandu


Bariadi, 24 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Naulizia afya yako, ya mama, na ya shemeji yako Monika. Mimi sili vizuri lakini si mgonjwa.

Umesaini kwa jina tu. Nimeliona hilo kabla ya mengine yote.

Nimekwenda kwa Bwana Januarius na habari ya ng'ombe. Nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi nisije nikasahau. Aliisoma hadi mwisho, sikutegemea. Yeye ni mtu wa Maswa, najua alielewa. Akasema taratibu, "Binti, mfumo haujui ng'ombe. Mfumo unajua jina." Akaongeza kwamba angeweza kubadilisha asili iwe Mwafrika kama ndugu wangeleta kiapo cha mahakamani kwamba Shija hakuwa na damu ya Kihindi.

Sikuleta barua ya kiapo kwako ili shemeji yako Monika aweke kidole gumba. Nilifika hadi stendi nayo, nikarudi. Ni uongo, na Shija mwenyewe hakuusema alipochekwa na uwanja mzima. Mimi ni nani hata nimsemee akiwa kaburini?

Baba, naogopa. Nimebakiza mwezi mmoja na siku chache. Nina kodi ya chumba, na kuna wasichana wengi wenye vyeti kama changu. Niambie nifanye nini.

Binti yako,
Felisita


Bariadi, 8 Julai 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Wiki mbili, hakuna jibu. Nimemuuliza Constantine kama barua ilifika. Amesema alikukabidhi mkononi, ukaitia mfukoni, ukaendelea kuchuma pamba. Natumaini mu wazima.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa wengine.

Ratiba ya tarehe 13 naichapa mimi. Kila mstari una jina la wimbo, mwimbaji, wilaya na asili. Jumatano iliyopita nilichapa mistari kumi na minne kama ilivyoidhinishwa. Baada ya kwaya ya Kalemela nikaongeza mmoja, ikawa kumi na mitano: wimbo wa jembe, Shija Ramji, Maswa. Kwenye asili sikuandika kitu. Nikaiacha wazi. Nakala mia tatu zimechapishwa na kugawiwa hadi kwa wageni rasmi, kwa hiyo wimbo utapigwa, kwa sababu hakuna anayetaka ionekane mbele ya wageni kwamba ratiba ina makosa.

Ijumaa nilipewa barua ya kujieleza kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kubadilisha waraka wa ofisi. Nimejieleza kwa ukurasa mmoja. Nilikiri kwamba nimebadilisha. Niliandika pia kwamba kosa la kwanza ni la Mei, nilipojaza bila kusikiliza, na kwamba kwa kosa hilo sikuulizwa na mtu yeyote. Niliharibu karatasi mbili.

Leo asubuhi Bwana Januarius ameniambia mkataba hautaongezwa. Hakuvua miwani. Alipofika mlangoni akageuka akaniuliza, "Huo wimbo unachukua dakika ngapi?" Nikamwambia sita. Akasema, "Basi usikatwe."

Kama shemeji yako Monika ana nguvu, mlete. Kama bado una hasira na mimi, mlete vilevile.

Binti yako,
Felisita


Shishiyu, 16 Julai 2024

Mayu, ng'wana wane,

Mwangaluka. Sisi wazima, goti limevimba kwa safari, mama yako anakusalimia. Monika analala sana lakini anakula.

Sikukujibu kwanza kwa hasira. Baadaye hasira iliisha, nikaona nikikuambia fanya nitakuwa nimekufukuzisha kazi, na nikikuambia acha nitakuwa nimemzika Shija mara ya pili. Nikachuma pamba.

Tulikuja. Constantine alitukalisha mbele kwa ajili ya kifua cha Monika. Nilikuona umesimama karibu na meza ya mtangazaji, umekumbatia faili. Hukutuona, na Monika alichoka, ikabidi turudi na basi la saa tisa.

Mimi sikusikia kitu, unajua. Nitakueleza nilichokiona.

Watu wengi walikuwa upande wa kule, kwa vijana wenye spika zao na singeli. Upande wenu palikuwa na wageni rasmi, viti vitupu na mbuzi mmoja. Kwaya ikapita. Nikaona mtangazaji anaangalia karatasi, anaigeuza, anaangalia nyuma yake, hajui ataje asili gani. Akaweka kipaza sauti chini.

Monika akaanza kunigonga mgongoni kwa kiganja. Sikuhitaji kuuliza. Ulikuwa ule wa jembe, na alinigonga hata pale mkono wangu wa kushoto ulipochelewa.

Kisha nikaona miguu. Mama mmoja wa karanga, na beseni lake kichwani, aligeuka. Wakafuata wazee watatu. Wakafuata vijana, nadhani kwa kushangaa wazee wanakimbilia nini. Walihama, mayu. Walipita katikati ya uwanja kama ng'ombe walioona maji, hawakuuliza karatasi imeandika nini. Wa mwisho alikuwa Mayige. Ana fimbo mbili siku hizi. Alitembea wimbo wote hadi akatufikia, akasimama mkono nyuma ya sikio.

Ulipokwisha nilimwambia, najua kwa sauti kubwa mno maana watu waligeuka: "Haya Mayige! Wimbo umeisha. Alikuwa wa nani?"

Alinitazama. Akapiga fimbo chini, tena, tena, kwa mwendo ule ule wa wimbo, vumbi likitoka. Mdomo wake ukasema neno moja, nikalisoma.

"Bado."

Mwezi ukiisha, njoo nyumbani. Pamba bado ipo na chumba chako kimepakwa udongo. Zilete kanda, uzifunge kwenye khanga ile ile. Wakikupa karatasi ya kuzitolea, andika Shija, na usiongeze kitu.

Baba yako,
Mwandu