Chanuo Lililooshwa

3 Machi

Kitinda mimba wangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila goti la kukanyagia cherehani linanisumbua. Mshonaji mwenzangu anasema ni uzee. Aseme la kwake!

Juzi nimeona filamu kwenye televisheni. Daktari kachukua unywele mmoja wa marehemu, katia kwenye chupa, taa ya buluu ikawaka, mtu akatoka mzima! Nikaruka kitini. Si ndiyo kazi yako hiyo, ya maabara na seli? Mwaka wa pili huu tangu ajali ya pikipiki imchukue kaka yako. Chanuo lake limo ndani ya kifurushi hiki. Usinicheke, mwanangu. Jaribu.

Mama yako

21 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti. Kifurushi nimekipata.

Mama, filamu hiyo imekudanganya mchana kweupe. Yule mtu alitoka na suruali, au sivyo? Suruali ilikuwa kwenye unywele upi? Hapa hakuna taa ya buluu. Mimi nalisha seli za ngozi kila siku, Jumapili ikiwemo, wiki tatu nzima, nipate kipande cha ukubwa wa kiganja cha kumbandika mtu aliyeungua. Kijidudu kimoja kikiingia, tunamwaga zote na kuanza upya. Mtu mzima hatujui kumtengeneza. Tena chanuo lenyewe limefika linang'aa, halina hata unywele mmoja!

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mwili haujambo, moyo ndio mgonjwa.

Nililiosha. Kwa maji ya moto na sabuni, kabla sijalifunga. Nani anapeleka kitu kichafu kazini kwa watu? Niliogopa wakubwa wako watatuona washamba. Nywele zilikuwemo, nimeziona kwa macho yangu zikienda na maji. Tangu nisome barua yako sijashona hata kifungo. Nimempoteza mara mbili, na hii ya pili ni kwa mkono wangu.

Mama

17 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, nilitania pasipo mahali pake. Hukupoteza chochote, nisikilize. Hata ungeniletea gunia zima la nywele, haiwezekani. Na ingewezekana, angetoka mtoto mchanga mwenye sura yake tu. Asingekujua. Asingejua kukufichia mkasi ukiwa na haraka, halafu akae pembeni anacheka. Naomba urudi kwenye cherehani yako.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Unaendeleaje? Mimi nimeanza kushona kidogo kidogo, sare za shule.

Unaniambia mtoto mchanga asiyenijua, kana kwamba hilo ni la kunitisha. Yule wa kwanza alikuja ananijua? Nilimlea mpaka akanijua. Lakini basi, nimekuelewa, haiwezekani, usinieleze tena. Nijibu moja tu, na usomi wako uuweke kando. Ingewezekana, ungefanya?

Mama yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Najua nimekawia, na najua ulikuwa unasubiri.

Nimekuandikia barua mara nne na kuzichana zote. Zilijaa sheria, hatari, na mambo tunayofundishwa tusiyavuke. Wakubwa wangu wakiniuliza swali lako, nitasema hapana, na nitalieleza vizuri. Lakini umeuliza wewe.

Ningefanya, Mama. Nisingemuuliza mtu. Namtaka kaka yangu.

Mwanao aliyebaki