W Yetu Imekwenda Wapi

Mtaa wa Mukendo,
S.L.P. 214,
Musoma.
21 Agosti 1994

Mpendwa mwanangu Pastory,

Pokea salamu za shangazi yako Getruda. Mimi mzima, goti tu linanisumbua nikipanda ngazi za kanisa. Nawe hujambo? Na mkeo Ilze, mimba anaibebaje? Mwambie asikae kwenye baridi.

Barua yako ya kunieleza majina ya huko imefika. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu.

Unajua mimi siamini haraka, hasa siku hizi. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni sasa imejaa madukani, lakini nyingine haitoi povu. Wewe nawe ulikwenda Urusi kusomea injini za ndege, halafu ukaandika kwamba uko Latvia, na hujahama hata chumba, eti nchi ndiyo iliyogawanyika. Kisha ikaja kadi ya harusi: bwana harusi Pastorijs Kvangu, bibi harusi Ilze Zvejniece, baba yake Zvejnieks. Binti na baba hawafanani jina, na mwanetu wa ukoo wa Kwangu amepoteza W. Nikamwambia baba yako, hapa kuna jambo. Akasema hatatamka baraka mpaka mimi nitosheke.

Sasa unasema huko jina la mwanamke hubadilika mwisho, la mwanamume huongezewa s, na W hawana. Haya. Unasema wakulima wao walikuwa chini ya mabwana wa Kijerumani, bila majina ya ukoo, na walipoachiwa huru, zaidi ya miaka mia na sitini iliyopita, wakaambiwa wajichagulie. Wengine waliandikwa tu na bwana au karani wake. Ndiyo maana kuna Kalniņš, yaani kilima kidogo, na Ozols, jina la mti. Nikajiuliza, mtu mzima aliyeambiwa achague anakuwaje kilima, tena kidogo?

Na Zvejnieks eti ni mvuvi. Hapo ndipo shaka ilizidi. Kati ya majina yote, wakwe zako wawe wavuvi kama sisi wa Bukima? Nilidhani umelitunga ili unilainishe.

Nikapanda gari hadi Bukima kwa shangazi yangu Wankyo, dada wa marehemu babu yako. Nilitaka anipe asili ya Kwangu, nikuandikie jinsi jina la kweli lilivyo, lisilochezewa na makarani. Nilimkuta anaanika dagaa. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwangu si jina," alisema. "Baba alikuwaga anaitwa Maregesi. Karani wa kodi akamuuliza, wewe unakaa kwa nani? Baba Kiswahili alikuwaga hajui vizuri. Akajibu, kwangu. Karani akaandika. Mwaka uliofuata akaitwa Kwangu, akaogopa kukataa asije akafungwa."

Mwanangu, nilirudi mjini na aibu yangu. Nyani haoni kundule. Miezi miwili nimewanyima baraka kwa ajili ya W ya karani, na wakwe zako wanajua jina lao lilikotoka kuliko mimi.

Jumapili nilimwambia baba yako nimetosheka, naye akawabariki mbele ya ukoo wote. Hata hivyo nitumie picha ya baba yake Ilze akiwa na wavu.

Nina ombi moja. Maregesi hana wa kumrithi jina, kwa kuwa sote tuliitikia la karani. Mtoto akizaliwa akalia bila homa wala njaa, mtajieni majina ya wazee, kama tufanyavyo hapa; atakalolinyamazia ndilo lake. Anzeni na ya kina Ilze, tusionekane wachoyo. Akizidi kulia, mwiteni Maregesi. Akiwa wa kike, wataongeza herufi zao. Akinyamaza, niandikie siku hiyohiyo, na hilo sitakuuliza mara mbili.

Baba yako Boniphace na mama yako Euphrasia wanawasalimu. Wankyo anasema atawatumia dagaa akipatikana mtu wa kuaminika. Mimi bado sijamwona. Mungu awalinde ninyi watatu, awafikishe salama siku ya kujifungua.

Sahihi hapo chini usiitilie shaka. Ni mimi.

Shangazi yako akupendaye,
Getruda Maregesi