Kikao cha Kuamua Iwapo Darasa la Jeni za Saratani Lifutwe

KAMATI YA MAFUNZO, IDARA YA PATHOLOJIA, WINNIPEG

Tarehe: Alhamisi, 12 Februari 2026, saa saba mchana
Mahali: Chumba cha hadubini, kwa kuwa chumba cha mikutano hakikuwa na joto

Waliohudhuria:
Dkt. Gudrun Thorvaldson, Mwenyekiti
Prof. Walter Hrynchuk, mwalimu wa hadubini
Dkt. Analyn Dimaculangan, mwakilishi wa madaktari wanagenzi
Dkt. Lorna Friesen, Katibu, ambaye pia hufundisha darasa la jeni
Dkt. Armand Beauchemin, kwa simu, kutoka kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu ya Ziwa Winnipeg

Hakuhudhuria: Mkuu wa Idara, kwa udhuru ule ule wa kila kikao.

KUMB. NA. 1/02/26: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao na kuomba kiwe kifupi. Prof. Hrynchuk alipinga Katibu kuandika kumbukumbu za darasa lake mwenyewe. Katibu alijibu kwamba Profesa naye ndiye anayeitaka saa ya darasa hilo, na bado ameruhusiwa kusema. Pingamizi halikuendelea.

KUMB. NA. 2/02/26: HOJA YA KUFUTA DARASA
Prof. Hrynchuk alipendekeza kwamba saa ya darasa la jeni, kila Jumanne, irudishwe kwenye hadubini, ambako saratani huonekana. Alisema: "Nimetazama uvimbe miaka arobaini. Sijaona jeni hata moja ikipita."

Katibu alisema kwamba Profesa hajauona upepo pia, ila kofia yake imewahi kukimbizwa nao Barabara ya Portage nzima mbele ya wanafunzi. Mwenyekiti alimwomba Katibu aandike badala ya kusema. Katibu ameandika.

Dkt. Dimaculangan alieleza kwamba wanagenzi wana mtihani wa taifa mwezi Aprili, maswali ya jeni ni mengi, na hakuna pengine wanapofundishwa. Akaongeza: "Profesa, juzi nimeletewa ripoti ya jeni za mama mwenye saratani ya titi. Daktari wa upasuaji amenisimamia mlangoni anataka nimweleze. Nimwambie nini, kwamba kipande cha uvimbe wa mama huyo kimekolea rangi vizuri chini ya hadubini?"

Prof. Hrynchuk alisema kukolea rangi si jambo la kudharau. Hakuna aliyelidharau.

KUMB. NA. 3/02/26: KURA
Mwenyekiti aliomba wajumbe waseme lifutwe au lisifutwe. Kila mjumbe alianza na neno "inategemea." Kwa kuwa Mwenyekiti hutia saini ripoti za jeni kutwa nzima, aliagiza darasa lipimwe kama maabara inavyopima badiliko la jeni, kwa ngazi tano: linadhuru, huenda linadhuru, maana yake haijulikani, huenda halidhuru, halidhuru.

Prof. Hrynchuk alisema linadhuru.

Dkt. Beauchemin alisema huenda linadhuru. Palisikika kishindo, maji na maneno ambayo Katibu hakuyaandika. Kisha akasema: "Huenda hadhuru, huyu, ana meno tu." Prof. Hrynchuk alidai kauli hiyo ya pili ilimhusu samaki. Dkt. Beauchemin alipoulizwa alikiri ilimhusu samaki, akaomba wasubiri amtoe ndoano. Kura yake ya kwanza ilibaki.

Dkt. Dimaculangan na Katibu walisema halidhuru.

Mwenyekiti alieleza kwamba, kwa kanuni ya maabara, ushahidi wenye nguvu ukigongana jibu ni moja: maana yake haijulikani. Alitangaza hivyo, na alionekana kufarijika kuliko ilivyostahili.

KUMB. NA. 4/02/26: UTEKELEZAJI
Prof. Hrynchuk alisema jambo liko wazi. "Kama hamjui maana yake, liondoeni. Tutangoja nini?"

Dkt. Dimaculangan aliomba ruhusa ya kuuliza swali. Aliruhusiwa.

"Profesa, ripoti ya yule mama ikirudi imeandikwa 'maana yake haijulikani,' tumkate na titi la pili?"

"Hamumgusi," alisema Prof. Hrynchuk. "Kwa jibu la hivyo mtu hakatwi kitu. Unasubiri ushahidi mpya, unalipima tena. Hilo si la kuuliza, binti, hata mtoto analijua."

Dkt. Beauchemin aliuliza kama simu imekatika.

Mwenyekiti alimuuliza Prof. Hrynchuk amelijua wapi, kwa kuwa enzi zake za uanafunzi halikufundishwa. Profesa alisema huenda alikaa kiti cha nyuma cha darasa la jeni Jumanne moja au mbili. Alitaka iandikwe kwamba alifuata donati. Imeandikwa.

Iliamuliwa: darasa la jeni lisiguswe, lipimwe tena ushahidi mpya ukipatikana. Prof. Hrynchuk hakupinga kanuni aliyoitaja mwenyewe.

KUMB. NA. 5/02/26: MENGINEYO
Prof. Hrynchuk aliuliza somo la Jumanne ni lipi. Katibu alimjibu kuwa ni saratani ya utumbo inayorithiwa. Profesa alisema atapita tu kuangalia kama viti vinatosha, na akamwomba Katibu asianze kabla hajafika.

Wajumbe waliondoka saa nane kasorobo. Dkt. Beauchemin alibaki kwenye simu.

Dkt. G. Thorvaldson ................ Mwenyekiti

Dkt. L. Friesen ................ Katibu