Mapipa Marefu

Tangini, Kibaha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kiuno kimepata nafuu. Huku mwili wangu mzima, ila roho haijatulia. Simu nimeishika nikaiweka chini, maana ungeisikia hofu kabla sijakuamkia. Barua hii nampa kondakta wa basi la huko akufikishie kabla ya Ijumaa.

Unajua kampuni yetu ya usafi ilinipa mimi kazi ya kuchagua mapipa ya taka ya masoko, hapa Visiga na huko kwako Kisarawe. Yale madogo yalijaa kabla ya adhuhuri, kunguru wakitapanya matumbo ya samaki na wauzaji wakinitukana mimi. Nikachagua marefu, yanayonifika kifuani. Bosi wangu, Mzee Telesphory, alinisifu mbele za watu, nami nikavimba kichwa. Nilipima taka, nikapima na siku za gari kupita. Mkono wa mwokota chupa sikuupima.

Jumanne asubuhi wauza mboga walikuta miguu ya mwanamke imechomoza juu ya pipa, haitikisiki. Aliinama kufuata chupa tupu za maji, akatumbukia, kichwa mbele. Walilipindua pipa wakamtoa hana fahamu. Nilifika mbio. Mama, alikuwa Mama Mdogo Mwanahalima, yeye anayetuambia siku zote kwamba anauza vitumbua.

Usipige yowe. Yu hai, yuko hospitali, shingo imefungwa, anaongea. Nililia nikamwomba radhi. Akanishika mkono akasema radhi hiyo niilete Kisarawe, kwani kazi ya chupa alifundishwa na dada yake, yaani wewe, na kwamba kiuno chako hakikuumia shambani.

Sikulaumu, Mama, nami ningemficha mwanangu. Lakini mapipa ya Kisarawe yameshapakiwa, yanashushwa sokoni Ijumaa. Nimemsihi Mzee Telesphory ayarudishe, akasema ninaogopa kivuli changu. Na wewe ni mfupi kuliko Mama Mdogo.

Nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha, usiiname humo. Ijumaa nitatangulia mimi kabla ya gari, na pipa litakaloshushwa nitalilaza chini, wanifukuze wakitaka.

Nisalimie kaka Amiri na watoto. Hili lako sitawaambia. Kaa nyumbani unisubiri. Chupa nitakuokotea mimi.

Ni mimi mwanao,
Maulida